Sindano na pini za kushona na kudarizi kwa mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaoshona kwa mkono: pindo la khanga, vifungo, vitambaa vya makochi, mashuka ya kudarizi, kofia, kazi ya zari. Maswali yana namba, na pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, namba yake imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Namba za sindano zinasomwaje?

Kwa sindano za mkono, namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba na fupi zaidi. Namba 1 ni nene na ndefu. Namba 12 ni nyembamba kiasi kwamba hata kuishika kunataka utulivu. Sindano za cherehani zinakwenda kinyume: 70 ni nyembamba, 110 ni nene. Hapo ndipo wengi wanaponunua isiyofaa. Mtu aliyezoea cherehani anataka sindano imara ya jinzi, anachukua namba 10 ya mkono, na inampindikia kabla hajamaliza mguu mmoja wa suruali.

Namba hulinganishwa ndani ya aina moja tu. Sindano butu za mshono wa msalaba zina mfululizo wake, 13 hadi 28, na namba 24 ya huko ni nene kuliko namba 10 ya sindano ya kawaida. Ukienda dukani taja vyote viwili, aina na namba. "Nipe namba nane" peke yake haitoshi.

2. Pakiti imeandikwa 5/10. Maana yake nini?

Ndani kuna mchanganyiko wa namba 5 hadi 10. Vivyo hivyo, 3/9 ni kuanzia 3 hadi 9. Pakiti yenye namba moja ina sindano zote sawa, na hiyo ndiyo ya kununua ukishajua unayoitumia zaidi.

Ubaya wa mchanganyiko ni kwamba sindano zenyewe hazina alama. Zikishatoka kwenye karatasi yake, kutofautisha 7 na 8 kwa macho ni shida. Chukua kipande cha flana, kigawe kwa mistari ya kalamu, andika namba kwenye kila mstari, na kila sindano irudi mahali pake ukimaliza kazi.

3. Kuna aina gani za sindano, na nitazitambuaje dukani?

Maandishi ya pakiti karibu yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo yafaa uyajue jinsi yalivyochapwa.

"Sharps" ni sindano ya kawaida: urefu wa wastani, ncha kali, tundu dogo. Ndiyo ya pindo, vifungo na kuziba palipochanika. "Embroidery", ambayo pengine huandikwa "Crewel", ni ya kudarizi. Mwili wake ni uleule wa sindano ya kawaida, ila tundu limerefushwa ili nyuzi kadhaa zipite pamoja bila kubanana. Kama pesa inatosha aina moja tu, nunua hii: inashona pindo vizuri vilevile, na kuitunga uzi ni rahisi zaidi.

"Tapestry" ni sindano butu yenye tundu pana, kwa vitambaa ambavyo tayari vina vitundu. "Chenille" ina unene na tundu lilelile, na namba zake zinalingana na za sindano butu. Tofauti ni kwamba ncha yake ni kali. "Betweens", ambazo nyingine huandikwa "Quilting", ni fupi na hazipindi kirahisi, nazo ni za mishono midogo inayopita tabaka kadhaa. "Milliners" au "Straw" ni ndefu, na tundu lake halizidi unene wa mwili, jambo ambalo faida yake imeelezwa katika swali la 10. "Darners" ni ndefu zenye tundu refu, za kuziba sweta na soksi. Za shanga na za ngozi ziko katika maswali ya 25 na 23.

4. Mimi ni mwanafunzi tu. Nianze na zipi?

Pakiti moja ya sindano za kudarizi 5/10, pakiti moja ya sindano butu namba 24 kama utashona msalaba, pini nyembamba zenye kichwa cha kioo, na subana inayokaa vizuri kidoleni. Mengine yatakuja kazi ikidai.

Kadi za duara zenye sindano za kila umbo zinavutia kwa bei, lakini matundu yake mara nyingi hayakusuguliwa yakalainika, na ukingo mkali wa tundu unakata uzi. Kabla ya kulaumu uzi, utunge, uvute mbele na nyuma mara kumi mahali pamoja, kisha utazame penye mwanga. Ukiona manyoya yamesimama, tatizo ni sindano.

5. Sindano ya cherehani inaweza kushonea mkono?

Haifai. Tundu lake liko karibu na ncha, na upande wa pili una shina nene la kushikwa na mashine, ambalo halipiti kwenye kitambaa.

## Kulinganisha sindano, uzi na kitambaa

6. Nitajuaje kwamba sindano inaufaa uzi wangu?

Kwanza kitambaa, kisha uzi unaofaa kitambaa hicho, kisha sindano inayofaa uzi huo. Ukianza na sindano utabahatisha.

Kazi ya sindano ni kufungua njia. Tundu inalotoboa linatakiwa litoshe uzi kupita bila kusuguliwa, na uzi ukishakaa kitambaa kijifunge kuuzunguka. Sindano ikiwa nyembamba mno, utasikia mkwaruzo kila unapovuta, uzi utaanza kuota manyoya karibu na tundu, na utalazimika kuuvuta kwa nguvu mpaka kitambaa kijikunje. Sindano ikiwa nene mno, utaona kitundu pembeni mwa kila mshono, hasa kwenye poplini na satini, na mishono italegea.

Kipimo cha haraka ni hiki: tunga uzi, ushike wima ukiwa umenyooka, sindano ikining'inia katikati. Ukiutikisa kidogo sindano iteremke taratibu. Ikiganda palepale, tundu ni dogo. Ikianguka moja kwa moja, tundu ni kubwa kuliko linavyohitajika.

7. Namba ipi kwa kitambaa kipi?

Kwa sindano za kawaida na za kudarizi, ukitumia uzi wa kawaida wa kushonea:

Shifoni, hariri na vitambaa vingine vya kuteleza vinataka 10 au 11. Bafta na poplini, 8 au 9. Khanga, 8. Kitenge, 7 au 8. Kaki, kitambaa cha suti na mapazia, 5 au 6. Jinzi, 3 au 4, na kwenye kona ambako pindo limekunjwa mara nne sindano fupi inafanya kazi vizuri kuliko ndefu, kwa sababu haipindi unapoisukuma.

Khanga ina jambo lake. Inauzwa kwa doti, vipande viwili vikiwa vimeungana, na inabidi ikatwe na kupindwa. Ikiwa mpya ina wanga wa kiwandani unaoifanya kuwa ngumu, na sindano namba 9 iliyopita kwa shida leo itapita bila taabu kesho ikishafuliwa. Ifue kwanza, ianike, ipige pasi, ndipo upinde. Pamba hujikunja kidogo inapofuliwa mara ya kwanza, na pindo lililoshonwa kabla ya hapo hubaki na mikunjo. Kitenge kipya nacho ni hivyo hivyo.

8. Ninadarizi kwa uzi wa nyuzi sita. Sindano ipi kwa nyuzi ngapi?

Uzi wa kudarizi wa pamba unaouzwa kwa vifungu vya mita 8 umetengenezwa kwa nyuzi sita nyembamba zinazotenganishwa. Ukitumia uzi mmoja, chukua sindano ya kudarizi namba 10. Nyuzi mbili, namba 9 au 8. Tatu, namba 7. Nne, namba 6. Sita zote, namba 4 au 3.

Usikate uzi ukautumia ulivyo. Kata sentimita 45 hivi, shika ncha moja, vuta uzi mmoja mmoja kwenda juu, kisha uziunganishe upya idadi unayotaka. Zikiunganishwa upya zinalala ubavu kwa ubavu, na mshono wa kujaza petali au jani unakuwa laini na unang'aa. Ukivuta mbili kwa pamoja zitasokotana, na hapo watu huilaumu sindano bure.

Uzi wa kusokotwa, ule mnene usiotenganishwa, una namba zake ambazo pia zinapanda kadiri unavyokuwa mwembamba. Namba 8 unakwenda na sindano ya kudarizi 5 au 6. Namba 5 unataka sindano ya kudarizi 3, au ile ya tundu pana yenye ncha kali namba 22.

9. Mshono wa msalaba unataka sindano gani? Kwa nini butu?

Kitambaa cha Aida kina vitundu tayari, na kazi yako ni kuvifuata. Ncha kali itapasua nyuzi za kitambaa, itachoma uzi wa msalaba uliokwisha kushonwa, na misalaba itaegama upande. Sindano butu inapapasa mpaka inapata tundu lake.

Aida huuzwa kwa idadi ya miraba katika inchi moja. Ya 11 inataka sindano butu namba 22, kwa nyuzi tatu. Ya 14, ambayo ndiyo inayopatikana zaidi, namba 24 kwa nyuzi mbili. Ya 16, namba 24 au 26. Ya 18, namba 26. Kitani chenye nyuzi 28 kwa inchi, ukishona juu ya nyuzi mbili mbili, kinafanya kazi kama Aida ya 14. Namba 24 inafaa, na 26 kama mkono wako ni mwepesi. Sindano sahihi inapita kwenye tundu la kitambaa bila kulipanua. Ukiisukuma ukaona mraba umefunguka na haurudi, panda namba moja.

Sehemu moja butu inakwama: nusu na robo za msalaba, ambapo inabidi utoboe katikati ya mraba usio na tundu. Weka pembeni sindano ya kudarizi namba 9 kwa mishono hiyo.

10. Nikishona mafundo au mizunguko ya uzi, sindano inakwama. Nifanyeje?

Sindano ya kudarizi ni pana penye tundu kuliko mwilini. Ukiizungushia uzi mara tano au sita kutengeneza ua la waridi, mizunguko inakaa vizuri mwilini, halafu inakataa kuvuka kichwa. Unavuta kwa nguvu, mizunguko inabanana, na ua linaharibika.

Tumia sindano ndefu, zile za "Milliners". Unene wake ni sawa kuanzia karibu na ncha hadi tunduni, kwa hiyo mizunguko inateleza yote. Kwa nyuzi mbili, namba 8 au 9. Kwa nyuzi tatu, namba 5 hadi 7. Zungusha uzi bila kuubana: mizunguko iguse sindano tu. Kisha ishike kwa kidole gumba na cha shahada, uivute sindano polepole huku vidole vikiwa palepale. Kwa fundo dogo la mzunguko mmoja au miwili, sindano ya kudarizi inatosha.

11. Uzi wa zari unakatika na kuchanika. Sindano gani inaufaa?

Zari ni utepe mwembamba unaong'aa uliozungushwa kwenye uzi wa ndani. Kila unapopita tunduni na kwenye kitambaa, utepe huo unasuguliwa na kufunguka. Chukua sindano yenye tundu pana kuliko unavyodhani inahitajika, kwa mfano ya "Chenille" namba 22 au 24, na kata vipande vifupi, sentimita 30 hadi 35.

Kama zari ni nene, kama ile inayopambwa kwenye majoho, usiipitishe kwenye kitambaa kabisa. Ilaze juu kufuata mchoro, na uishikize kwa mishono midogo ya uzi mwembamba wa rangi inayofanana, kila milimita 4 au 5, kwa sindano namba 10. Mwisho wa mstari, chukua sindano nene ya tundu pana, itoboe, pitisha ncha ya zari kwenda chini mara moja tu, kisha uishone upande wa nyuma. Hapo ndipo zari inapopita kwenye kitambaa, na mahali pengine popote inakaa juu.

12. Kofia ya mkono yenye vitundu inashonwa kwa sindano gani?

Kofia za mkono za Zanzibar na Lamu, na kumma za Oman ambazo ni ndugu zake, zinategemea vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi mpaka ukingo ukakaza. Kitambaa kina tabaka mbili, na kila kitundu kinapata mishono mingi iliyobanana. Sindano ndefu inayumba hapo. Chukua fupi, "Betweens" namba 9 au 10, na uzi mmoja wa pamba.

Shona kwanza duara dogo la mishono ya bandi kuzunguka alama. Hilo ndilo linalozuia tabaka zisiteleze. Kisha toboa katikati kwa kitu chenye ncha ya mviringo, msharasi mwembamba au sindano nene ya sweta, bila kukata. Ukisukuma nyuzi pembeni badala ya kuzikata, kitundu kinabaki imara hata kofia ikifuliwa na kutiwa wanga mara nyingi. Zungusha uzi ukivuta kila mshono kwa nguvu ileile, na kila baada ya mishono minne au mitano rudisha msharasi ndani ili kitundu kisijifunge. Ukianza kuona kofia inajikunja kuzunguka vitundu, unavuta mno.

## Kutunga uzi na kuushughulikia

13. Uzi hauingii tunduni. Kuna mbinu?

Kata uzi upya kwa mkasi mkali, kwa mshazari. Ubane kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ncha ionekane kidogo tu, kisha lete tundu kwenye uzi, si uzi kwenye tundu. Ukikataa, igeuze sindano: tundu hutobolewa kiwandani kutoka upande mmoja, na upande mmoja huwa laini kuliko mwingine. Weka kitu cheupe nyuma ya tundu kama uzi ni wa rangi iliyokolea.

Kile kitungio cha bati chenye kitanzi cha waya mwembamba kinasaidia sana kwa namba 8 kurudi chini. Kwa 10 na kuendelea waya wake hukatika. Kwa macho yaliyochoka kuna sindano zenye mpasuko juu ya tundu: uzi unabonyezwa kutoka juu na kuingia wenyewe. Zinafaa kwa vifungo na pindo, ila mpasuko huo unasugua uzi, hivyo usizitumie kwa udarizi wa nyuzi mojamoja.

14. Uzi unajifunga mafundo na kujisokota. Kosa liko wapi?

Mara nyingi ni urefu. Usizidi kiasi cha kutoka vidoleni hadi kiwiko na kidogo juu yake, sentimita 45 hadi 50. Uzi mrefu unapunguza kutunga, lakini kila sentimita inapita kwenye kitambaa mara nyingi zaidi na inachakaa kabla hujaifikia.

Tunga ncha iliyotoka kwanza kwenye gurudumu la uzi, na fundo upige kwenye ncha uliyokata. Pitisha uzi wa vifungo kwenye nta ya nyuki, kisha uupige pasi kati ya karatasi mbili. Na kila baada ya mishono kumi hivi, iache sindano ining'inie ijizungushe yenyewe mpaka isimame. Kama uzi unaota manyoya badala ya kujisokota, rudi swali la 6.

15. Subana ni lazima?

Kwa sindano ya namba 7 au nene zaidi, kwenye kaki, jinzi au kofia, ndiyo. Huvaliwa kwenye kidole cha kati cha mkono unaoshona, na vishimo vyake ndivyo vinavyoshika kichwa cha sindano kisiteleze. Ikizunguka kidoleni ni kubwa. Ikiacha alama nyekundu ni ndogo. Kwa shifoni unaweza kushona bila subana.

## Pini

16. Pini za aina gani ninunue?

Tazama unene kwanza. Milimita 0.5 ni za hariri na shifoni, 0.6 zinafaa pamba nyingi, 0.7 na zaidi ni za kaki na mapazia. Pini nene kwenye kitambaa chembamba inaacha tundu lisilopotea.

Kisha kichwa. Cha kioo hakiyeyuki chini ya pasi. Cha plastiki kinayeyuka na kuganda kwenye kitambaa na kwenye pasi yenyewe. Kichwa bapa chenye umbo la ua kinafaa kitambaa chenye matundu, kama lasi, kwa sababu hakizami. Pini zisizo na kichwa cha rangi zinapotea kirahisi ndani ya pindo, na nguo ya mtoto si mahali pa kuzitumia.

17. Pini zimeacha alama kwenye satini. Zinaondoka?

Pamba husamehe: mvuke wa pasi na kusugua kwa ukucha vinarudisha nyuzi mahali pake. Satini na hariri mara nyingi hazisamehi. Chomeka pini ndani ya sehemu ya mshono tu, ile itakayofichwa, na usiziache usiku kucha. Ngozi, plastiki na kitambaa cha mvua hazichomwi pini kabisa. Zibane kwa vibanio vya nguo.

18. Nichomeke kwa umbali gani? Na je, pini zinatosha bila bandi?

Mstari ulionyooka, kila sentimita 5 hadi 8. Mkunjo wa kwapa au shingo, kila sentimita 2 au 3. Zichomeke kukingama na mshono, na uzing'oe kadiri unavyozifikia.

Kwa mkono, bandi ni bora kuliko wengi wanavyoipa hadhi. Uzi unaoshonea unanasa kwenye pini kila mara, pini zinakuchoma vidole, na kitambaa cha kuteleza kinasogea kati ya pini na pini. Piga bandi za sentimita 1 hadi 2 kwa uzi wa rangi tofauti na sindano ndefu namba 7. Sindano ndefu inakusanya mishono kadhaa kabla ya kuvuta. Kwa pindo fupi la khanga, lipige pasi vizuri na huenda usihitaji pini wala bandi.

19. Pini za hijabu na pini za usalama zinafaa kwa kushonea?

Za hijabu zikiwa nyembamba na kali, ndiyo, ila zenye kichwa kizito zinaning'inia na kuvuta kitambaa. Za usalama ni nzuri kushikizia tabaka kubwa, kama mto au kitambaa cha kitanda, na kupitisha lastiki kiunoni. Mahali pa msokoto wake pananasa vitambaa vyembamba.

## Kutunza na usalama

20. Sindano zangu zinashika kutu haraka. Nifanyeje?

Sindano nyingi ni chuma cha kaboni kilichopakwa nikeli, na rangi hiyo ikikwaruzika kutu inaanza. Pwani hewa ina chumvi na unyevu, na jasho la vidole linaongeza. Zipanguse kwa kitambaa kikavu ukimaliza. Zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na kile kipakiti cha punje za kunyonya unyevu kinachokuja kwenye viatu vipya. Kimto cha pini kijaze sufi au sufu kavu. Sponji hushika maji.

Zaidi ya yote, usiache sindano imechomekwa kwenye kazi. Wiki moja ya masika inatosha kuacha doa la kahawia katikati ya ua jeupe. Kwenye pamba nyeupe, doa la kutu linatoka kwa ndimu na chumvi, likiachwa juani kisha kusuuzwa, na kurudiwa. Kwenye rangi jaribu kwanza pembeni, kwa sababu ndimu na jua hupausha. Usitie jiki: inalikoleza doa.

21. Sindano ibadilishwe lini?

Inapokuwa butu, imepinda au imeanza kukwaruza. Ivingirishe juu ya meza ya kioo: ikiruka-ruka, imepinda. Ipitishe kwenye soksi ya nailoni: ikivuta uzi, ncha ina kijino. Ukiona weusi au ukali karibu na tundu, rangi imetoka, itupe. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kitambaa kinachoharibika.

Usitupe wazi kwenye taka. Weka kichupa cha dawa chenye kifuniko, kikijaa kifunge kwa gundi ya karatasi. Hesabu pini unapoanza na unapomaliza, na sumaku ipite sakafuni. Kumbuka sumaku haishiki pini za shaba.

22. Sindano imenichoma, au mtoto amemeza pini. Nifanye nini?

Kuchomwa kidogo: osha kwa sabuni na maji, acha damu ikauke. Damu kwenye kitambaa isuuze papo hapo kwa maji baridi na sabuni. Maji moto yanaigandisha. Sindano ikikatikia mwilini usiichokoe. Nenda hospitali, ambako picha ya eksirei itaonyesha ilipo, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mtoto akimeza pini, nenda hospitali mara moja. Usimtapishe, na usimpe ugali au ndizi "kuisukuma".

## Kazi zisizo za kila siku

23. Ngozi inashonwaje?

Kwa sindano za "Leather" au "Glovers", ambazo ncha yake ina pande tatu zinazokata. Namba 3 hadi 7 zinafaa pochi na mkanda mwembamba. Tundu la ngozi halijifungi, kwa hiyo pima kabla ya kuchoma. Usiitumie sindano hiyo kwenye kitambaa, itakata nyuzi. Ngozi nene ya viatu itobolewe kwanza kwa msharasi, kisha ishonwe kwa sindano butu.

24. Fulana inapata vitundu nikiishona. Kwa nini?

Fulana imefumwa kwa vitanzi. Ncha kali ikikata kitanzi kimoja, tundu linakua likifuliwa. Tafuta sindano na pini zenye ncha ya duara, "Ballpoint", zinazosukuma vitanzi pembeni. Ukizikosa, sindano butu namba 26 au 28 inapita kwenye fulana nyingi. Acha mishono ilegee kidogo ili uzi usikatike nguo ikivutwa.

25. Sindano za shanga mbona zinapinda?

Ni ndefu na nyembamba mno, na kupinda ni sehemu ya maisha yake. Shanga namba 11 zinapokea sindano namba 10. Namba 15 zinataka 12 au 13. Kama unashona shanga mojamoja kwenye gauni badala ya kuzitungia mstari, sindano fupi namba 10 inadumu zaidi, mradi tundu lake linapita kwenye ushanga. Jaribu kabla ya kununua pakiti nzima.

26. Godoro, gunia na turubai?

Godoro na gunia ni kazi ya shazia, ile sindano kubwa na nene. Godoro lililokwisha kujazwa linashonwa vizuri kwa sindano iliyopinda kama upinde, kwa sababu huwezi kupeleka mkono upande wa pili. Turubai linataka sindano nene yenye ncha ya pande tatu na kipande cha ngozi cha kukinga kiganja. Subana ya kawaida haitahimili.

27. Vidole vyangu vinawasha nikishona. Je, ni sindano?

Huenda ni nikeli iliyopakwa juu yake, hasa kama hereni au vifungo vya suruali vinakuletea muwasho uleule. Kuna sindano zilizopakwa dhahabu au platinamu mwili mzima. Zenye tundu la dhahabu tu hazisaidii, kwa sababu unakoshika bado ni nikeli. Jaribu pia kushona ukiwa umevaa subana ya ngozi kwenye kidole cha kati na kifuniko cha mpira kwenye cha shahada, na kama muwasho ukiendelea, onana na daktari wa ngozi.